Mtaji wa Kichwani

Verena Zgraggen alizamisha mkono ndani ya sufuria kubwa ya shaba, maziwa yaliyoganda yakamfika kwenye kiwiko. Nyuma yake, Orrin Halvorsen alikuwa anaandika tena.

"Unahesabu vidole vyangu?" Verena aliuliza bila kugeuka.

"Nahesabu dakika."

"Miaka ishirini na mbili hukuhesabu. Leo umepatwa na nini?"

Orrin alitia daftari mfukoni.

Kiwanda chao kidogo cha jibini, huko mashambani kusini mwa Wisconsin, kilianza kwa makubaliano mepesi. Orrin alileta fedha, jengo na mitambo. Verena alileta kitu kimoja tu: alijua, kwa kugusa, ni wakati gani hasa mgando wa maziwa ukatwe ili uwe jibini. Mwanasheria alisema huo nao ni mtaji, tena mzito kuliko mitambo yote. Wakagawana nusu kwa nusu.

Sasa Orrin alikuwa anamnyang'anya huo mtaji, kidogo kidogo. Verena aliyaona yote. Kwanza zilipotea funguo za chumba cha kuivishia jibini. Akaja kuziona zikining'inia kwenye mkanda wa Orrin. Kisha vikaratasi vikabandikwa kila mahali: CHUMVI. MAJI MOTO. ZIMA GESI. Nani hubandika vitu kama hivyo, kama si mtu anayengojea wageni waje kushika kazi?

Alhamisi alikuja mwanamke wa benki. Verena alijibanza nyuma ya mlango akasikiliza.

"Mitambo ina bima," mwanamke alisema. "Maziwa na chumvi ni mtaji unaozunguka, ukiisha mnanunua mwingine. Lakini ule ulio kichwani mwake? Huo ndio unaonitia hofu."

"Ndiyo maana naharakisha," Orrin alijibu. "Daftari likikamilika, hatutamtegemea tena."

Verena alirudi kwenye sufuria yake kwa kunyata.

Kesho yake mchana, Orrin alivua koti akatoka kupokea lori la maziwa. Verena alilichomoa daftari mfukoni mwa koti. Hakulifungua; hakutaka kuona maisha yake yote katika mwandiko wa mtu mwingine. Alilitupa kwenye jiko la kuni la ofisini, akasimama palepale hadi jalada likajikunja na kuwa jeusi.

Moyo ukamtulia. Sasa watamhitaji, wapende wasipende.

Orrin aliingia, akanusa moshi, akalikimbilia jiko. Aliingiza mikono mitupu motoni. Akatoka na majivu. Kisha mzee mzima yule akakaa sakafuni akilia kwa sauti.

"Lia tu," Verena alisema. "Ulidhani utaniibia nami nakutazama?"

"Verena, hili ni la tatu."

"La tatu nini? Usinizungushe!"

"Daftari la tatu ulilochoma." Orrin alijifuta machozi kwa mkono wenye masizi. Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Verena aliufahamu mwandiko kabla hajayasoma maneno. Ulikuwa wake.

*Orrin, daktari amesema nitaanza kusahau. Funguo kaa nazo wewe. Andika kila ninachofanya, maana huo ndio mtaji wetu. Nitakuita mwizi. Endelea kuandika.*