Jibu Alilompa Sista

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, sekondari ya Wakatoliki karibu na Mikumi ilipotimiza miaka ishirini na tano tangu ipokee wasichana, ndipo mambo ya Kasian yalipoharibika.

Bintiye ndiye aliyemburuta hadi pale, wamwakilishe mama yake marehemu, mmoja wa wasichana wale wa kwanza.

"Wakubwa wa shule walimfukuza mama yako kwa ajili ya mimba yako," Kasian alikuwa akimwambia tangu utotoni. "Wangemwacha asome, asingekufa kibarua wa miwa."

Basi binti akamfuata sista aliyekuwa mkuu wa shule enzi hizo, sasa anatembelea fimbo, akamtajia jina la mama yake, Kasian akiwa nyuma yao.

"Shikamoo Sista. Mbona mlimfukuza mama?"

"Marahaba, mwanangu. Tulimfukuza, sitakuficha. Ila ulipoacha kunyonya nilimfuata Ruhembe. Miwa ilikuwa inachomwa, kanzu yangu ikajaa masizi mpaka magotini. Nilitaka afanye mtihani wa kujitegemea, nimfundishe mwenyewe, bure. Nikamkuta huyu shambani." Akamwonyesha Kasian kwa kidevu. "Akaniambia mkewe kasema hataki tena shule. Nikageuza."

Jasho lilimtambaa Kasian mgongoni, chini ya koti la kuazima. Alitafuta neno la kuwalaumu wakubwa. Kwa nini sista hakufika nyumbani, hatua mia tu, mkewe alikokuwa anapepeta mchele bila kujua lolote?

"Baba," binti aliuliza polepole, "mama alijua kwamba Sista alikuja?"