Gitaa la Korea

"Gitaa la Marekani hili, mama," alisema Mahfudhi, muuza mitumba.

Tunu aligeuza gitaa. Nyuma liliandikwa Korea, na pembeni lilikuwa na alama ya kuungua kwa pasi yake mwenyewe. Lilikuwa la marehemu kaka yake. Mumewe aliapa kwamba wezi walilichukua.

"Nani alikuuzia?"

"Bwana mmoja, analia kama mtoto. Mkewe kafa, hana hata sanda. Marehemu aliitwa Tunu, sijui."

Mume bwege, hakuweza hata kubuni jina la uongo.

"Lichukue, twende nikupeleke ukampe pole mfiwa," Tunu alimwambia.

Walimkuta mfiwa anapara samaki.

"Tunu, leta ndimu," alisema bila kuinua uso.

Mahfudhi akaganda mlangoni, mkono wa pole ukiwa umenyooshwa.