Swali la Mshazari

Roswitha aliishika pete ya kichujio cha mwanga, akasita kuigeuza.

Tangu asubuhi chembe za mwanga zilifika jozi jozi kutoka chanzo kimoja, moja kwake, pacha wake kwa mwenzake ng'ambo ya mto Danube. Kila jibu la huku lilifanana na la kule. Ufunguo wa siri uliotokana na majibu hayo ulikuwa tayari, na hospitali mbili ziliungoja ili zitumiane habari za wagonjwa.

"Yanalingana, bibie," mwenzake alisema kwenye simu. "Wewe hata keki ya mama mkwe ungeipima kwanza."

"Mtu akichana picha akatugawia vipande, vitalingana pia. Ila yeye aliyechana anajua kila mmoja wetu ana nini." Alivuta pumzi. "Tugeuze pete, tuziulize chembe kwa pembe ya mshazari. Kama kuna aliyezipangia majibu mapema, kipimo cha ulinganifu wao hakitavuka mbili."

"Kisipovuka?"

"Basi ufunguo wetu una mwenyewe mwingine, na miaka yetu yote hii imekwenda bure."

"Haya. Geuza."

Pete ilikuwa baridi, meno yake madogo yakimkwaruza kidole. Akaigeuza taratibu mpaka ikagota.

Tarakimu kwenye skrini zilipanda, zikasuasua karibu na mbili, zikarudi nyuma. Roswitha hakupepesa macho. Zikapanda tena, zikaivuka mbili, zikaendelea kupanda, kisha zikatulia huko juu.

Kwenye simu alisikia kicheko cha chini, cha mtu aliyetua mzigo.

"Wapigie hospitali wewe," mwenzake alisema. "Mimi naandika matokeo."

Roswitha alikuwa ameshaanza kuitafuta namba.