Kiraka cha Uzi wa Kijani

Wakoloni walikuwa wameshaanza kufunga virago, lakini vita vya msituni vilikuwa havijaisha. Asubuhi ile askari wao waliwapanga watu uwanjani, na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapita mbele yao. Kila aliyemwonyesha kwa kichwa alipandishwa lori, na hakuna aliyewahi kurudi.

Alipofika kwa Chengo, kaka yake Nyamvula, gunia liliinama mara moja. Nyamvula akatazama chini asimwone kaka yake akiburutwa. Ndipo akakiona kiraka kwenye goti la suruali ya mwenye gunia, kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Alikishona mwenyewe juzi, uzi mweusi ulipomwishia.

Mchana mumewe alirudi.

"Nimesikia habari za shemeji. Pole, mama Kadzo."

"Nimeshapoa. Vua hiyo suruali nikufulie."

Siku zote alianika uani. Leo aliianika mbele ya nyumba, goti likitazama njia.

"Mbona unaanika huko?"

"Huku kuna jua."

Wanawake walikuwa wakitoka kisimani. Asubuhi nao walikuwa wametazama chini. Wa kwanza alipofika penye kamba alisimama, akaitua ndoo yake.