Sahani ya Maua

Mtaa mzima wa Shubra hakuna aliyemlisha mbwa wake kwa masharti kama Wagdi. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akitangaza hivyo.

"Kuku wa kuchemsha na wali mtupu, daktari. Wallahi, hata chumvi haijui!"

Daktari wa mifugo alilipapasa tumbo la mbwa, likanguruma kama pikipiki mbovu. Ilikuwa mara ya nne kuletwa hapo tangu Wagdi afiwe na mkewe.

"Mzee wangu, akiharisha hivi tena, hatapona."

"Basi ana jini huyu," Wagdi akajibu.

Mchana huo alipika kabichi ya kukunjwa, yenye wali, vitunguu saumu na samli. Akapakua sahani mbili. Ile yenye michoro ya maua aliiweka mbele ya kiti cha marehemu mkewe, kijiko upande wa kushoto, alivyozoea kula. Akaitazama mpaka ikapoa.

Kumwaga chakula cha mkewe hakuweza. Akaiteremsha sahani chini ya meza, kama kila siku.

"Baba."

Binti yake alikuwa mlangoni, na dawa za mbwa mkononi.

"Hiyo sahani ya nani?"

Mbwa alikuwa ameshalamba mpaka kwenye maua.