Punje Zisishikane

Fundi wa mageti aliosha mchele mara ya sita na maji bado yalikuwa na weupe. Akayamwaga, akatia mengine.

"Utautoboa," dada yake alisema, ameegemea mlango wa jiko. "Ni basmati huo, si bati."

Hakucheka. Mama yao alikuwa na siku tatu hajala, na ana kisukari. Chakula cha kule hakimpandi, anataka cha nyumbani. Jana fundi alimpelekea wali, ukafika bonge moja, mama hakuutia mdomoni. Leo ukirudi tena, wangemkuta chini.

"Jana hukuupika, uliuchomelea," dada alisema. "Leo fuata ninavyokwambia."

Akauloweka nusu saa. Maji yalipotokota akatia chumvi, kijiko cha mafuta, kisha mchele. Mkono ukaenda kwenye mwiko.

"Weka chini! Ukikoroga unavunja punje. Funika, punguza moto, kaa mbali."

Akakaa mbali, anautazama mfuniko.

"Na wewe ule kidogo, mdogo wangu."

"Hakipiti."

"Mkifa njaa wote wawili, nianze kumzika nani?"

Wali ulipoiva, fundi alitaka kuujaza bakulini hapohapo. Dada akamchapa mkono.

"Hapo ndipo ulipoharibu jana. Ukiufunika na moto wake, mvuke unageuka maji, punje zinashikana. Upoze kwanza."

Fundi akaumwaga kwenye sinia, akautandaza kwa uma. Ulipopoa, kila punje ilisimama peke yake. Akaujaza bakulini bila kushindilia, akafunika.

"Chukua gari la shemeji yako, utawahi."

"Nitatembea."

"Na jua hili? Umerogwa?"

"Nimesema nitatembea."

Saa saba alikuwa kwenye foleni, shati limemganda mgongoni. Zamu yake ilipofika, askari alifungua bakuli, akalitikisa. Wali ukacheza, ukaachana mpaka chini pakaonekana.

"Leo sawa," askari alisema. "Jana ilibidi niuchokonoe. Mahabusu wanafichiwa vitu vingi kwenye mabonge."

Kijiti chake cha kuchokonolea kilikuwa kimeshapita kwenye vyakula vya watu ishirini, kimeota ukoko wa mchuzi. Wali wa fundi hakikuugusa.

Mama alikula upande wa pili wa wavu, polepole, mpaka akakwangua bakuli. Fundi alipoona hivyo akaanza kulia kama mtoto.

"Futa machozi, wanakutazama," mama akanong'ona. "Kesho hakimu akiniuliza, nitajibu vilevile: niliyemgonga yule mtu kwa gari ni mimi. Na wewe shikilia kwamba ulikuwa nyumbani umelala."