Daftari la Bakora

Kibao cha kwanza cha waifai kilitoa moshi kabla Haidar hajamaliza kusema bismillahi. Alikitupa sakafuni akakitukana, kisha akaitukana kompyuta, kisha kimoyomoyo akamtukana mwenye kompyuta, Mungu amsamehe.

Mwenyewe alikuwa baba yake, Mwalim Zubeir, aliyefariki mwaka jana. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, skuli ya kijijini ingekipa chumba cha maktaba jina lake, na Haidar, mtoto wake wa kwanza, alikuwa ameombwa aseme maneno mawili. Ndiyo maana alivuka kutoka Unguja kuja Pemba. Maneno mawili alikuwa nayo tayari. Alilolitaka ni daftari.

Kila aliyesoma kwa Mwalim Zubeir alijua habari ya daftari lile. Ukiteleza darasani ukasema Kipemba badala ya Kiswahili cha vitabuni, Mwalim alikuita mbele. Alikutaka ulirudie neno lako mara mbili, polepole. Alikuuliza nyumbani nani husema hivyo, na bibi yako ni mtu wa Wingwi au wa wapi. Aliandika kikaratasi, akakitia mfukoni, ndipo akashika bakora. Jioni vikaratasi vyote viliingia kwenye daftari lililokuwa ndani ya kompyuta hii, aliyoachiwa na mtaalamu mmoja wa karafuu aliyerudi kwao Ulaya, na ole wake mtoto aliyeigusa.

Kesho Haidar angesimama mbele ya sheha na wazee awasomee: kosa, mkosaji, bakora ngapi. Aone kama chumba kitaitwa jina lile.

Lakini kompyuta ilikuwa na umri wa miaka thelathini na tano. Kioo kilikuwa kimekufa, mdomo wa disketi umekufa, na diski ya ndani haikukubali waya wowote wa siku hizi. Kilichobaki kizima ni tundu moja la nyuma, la pini tisa. Haidar ni fundi wa simu; alikuja na vibao viwili vya waifai, kimoja hakizidi kidole gumba, na bei yake haifiki kilo ya pweza. Kibao kikipachikwa kwenye tundu lile, kompyuta itayatoa maneno yake hewani, simu iyadake. Ila tundu hutoa volti kumi na mbili na kibao kinataka tatu. Haidar alilijua hilo vizuri, lakini hasira hasara.

"Ntu kashakufa, kaka," alisema dada yake, Ruweida, aliyesimama mlangoni. "Wataka kunfanya nini tena?"

"Nataka watu wajue."

"Hata miye kanipiga. Nishansamehe."

"Wewe ulimi wako umebaki nao."

Tangu utoto Haidar alisema Kiswahili cha redio. Dukani, mita mia kutoka alikozaliwa, waliomsikia walimuuliza yeye ni mgeni wa nani. Mama yao alipokata roho, Haidar alimlilia kwa lugha ya taarifa ya habari, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakatazamana. Hilo ndilo lililomkaa kooni miaka yote.

Kibao cha pili alikitangulizia kipunguza umeme. Akapachika, akawasha. Mashine ikakoroma, ikatulia. Kwa kuwa kioo hakikuonyesha kitu, aliandika amri kwa kupapasa, akiiambia kompyuta kwamba tangu sasa kioo chake ni simu. Ikatii. Kwenye simu yakajitokeza majina ya mafaili mawili tu: MANENO na JALADA.

Alifungua MANENO.

*Nti. Mti. Bakar Rajab. 10.*

*Nkono. Mkono. Mwatum Jabir. 9.*

Bakar alitoka darasani siku ile hakurudi tena, na mpaka leo barua ya skuli ya mwanawe jirani ndiye anayemsomea. Bakora kumi kwa kusema nti. Na Mwalim alikaa hapa, kwenye kiti hiki, akaziandika kwa utulivu, na kosa akalisahihisha pembeni.

Aliteremka orodha mpaka akajikuta mwenyewe.

*Kyakula. Chakula. Haidar Zubeir. 8.*

Aliikumbuka siku ile. Mwenziwe alimmwagia uji, naye akapiga kelele, kyakula kyangu. Baba yake mzazi alimwita mbele kama watoto wa wengine.

"Nne," alimwambia Ruweida. "Zilikuwa nne. Darasa zima lilizihesabu. Alinipiga nne akaandika nane. Yule mzee alijisifia hata bakora asizopiga."

Ruweida alisogea. "Miye kaniandika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja?" Alikunja uso. "Miye kanipiga moja tu, kaka. Na hiyo moja ilipiga meza."

"Basi unaona alivyokuwa mwongo."

Alipiga picha kurasa zote, moja baada ya moja, huku meno ameyauma. Lilibaki jambo dogo. Wazee wangeweza kusema kayatunga yeye, mtoto wa laana. Ukurasa wa mbele ungekuwa na jina la Mwalim na kichwa cha daftari, na hapo hakuna wa kubisha.

Alifungua JALADA, akamsomea Ruweida kwa ile sauti yake ya redio, kwa kishindo mwanzoni, kisha polepole, kisha kwa taabu.

"Kamusi ya Kipemba. Imekusanywa na Zubeir. Kila mstari una neno, maana yake, mwalimu aliyenifunza, na umri wake siku hiyo."